Zamu ya Maziwa

9 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa kwenye cherehani na si kitandani. Tangu uliposema simu siku hizi unaisikia kama nyuki ndani ya chupa, nimeona bora nirudie kalamu, ingawa mwandiko wangu umeharibika kwa kuandika "kimoja mara tatu" kwenye bahasha za vidonge kutwa nzima. Goti linasemaje? Zile dawa nilizokutumia unameza mwenyewe au unawagawia wateja?

Sisi hatujambo, kwa namna ya watu waliofiwa. Kaka amerudi mahakamani kwenye kesi za wateja wake. Ukimwona utadhani hakuna lililotokea, ila ameanza tena kuvuta sigara alizoziacha miaka sita. Mimi niko dirisha lile lile la dawa, hospitali ile ile. Watu wakisoma jina langu kifuani wananiuliza, "Wewe ni wa yule Profesa?" Nikikubali wananipa pole ndefu, halafu wanauliza kama dawa ya presha imefika.

Hukuja kumzika Baba. Nilipoulizwa nilisema ni goti. Naliacha hapo.

Lililonifanya nikae niandike ni hili. Chuo kimeamua ule ukumbi mkubwa wa mihadhara uitwe kwa jina la Baba. Sherehe ni mwezi wa nane. Siku hiyo kitatolewa pia kitabu cha kumbukumbu, na wasomi wa kila upande wameshaleta makala zao. Sasa Mkuu wa Idara amenijia anataka kurasa mbili kutoka kwa mtu aliyemjua Baba wakati anakusanya habari za kitabu chake cha *Nyuma ya Kiwanda*, kabla hajawa mkubwa. Akaniuliza, "Shangazi yenu si alikuwa akifanya kazi pale pale?" Nikajibu kwa fahari kwamba ndiyo, na kwamba Baba alikuwa akilala kwako.

Kurasa mbili tu, Shangazi. Alikuwaje, alikula nini, alikuchekesha kwa lipi. Wengine wote wataandika juu ya fikra zake. Wewe tuandikie mtu.

Mimi wako,
Kidonge

*

17 Machi

Kidonge mwanangu,

Marahaba. Usihesabu wiki, posta ya huku inatembea kwa magongo kama mimi. Goti ni goti. Dawa zako nameza, na nyingine nilimpa kinyozi wa hapa jirani. Alikuwa anasimama kama korongo, mguu mmoja juu. Sasa anasimama kwa yote miwili na ananinyoa bure ukosi wa shingo, kwa hiyo hatukupoteza.

Sikio la kushoto limekufa kabisa. Daktari ameniuliza nimekaa wapi penye kelele, nikamwambia miaka kumi na sita mbele ya mashine ya kufuma. Akasema, "Basi sikio uliliacha huko." Nikamwambia si sikio tu.

Nashona sare za shule, sketi arobaini na mbili, zote za kijani kinachochafua vidole. Kile kiwanda chenyewe siku hizi ni ghala la saruji. Juzi nilipita nikaona paka amelala pale palipokuwa na saa ya kugongea kadi.

Kuhusu kurasa mbili, mimi si mwandishi. Mwandishi alikuwa yeye. Mwambie Mkuu wa Idara mimi ni fundi nguo, na nguo ya maiti sijui kuishona.

Nami nina swali moja. Alipokuwa anaumwa, ile miezi ya mwisho uliyokaa naye, aliwahi kutaja kiwanda? Au mtu yeyote wa kiwandani?

Msalimie wakili. Mwambie sigara na kesi vyote vina moshi.

Shangazi yako

*

30 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nimecheka habari ya kinyozi mpaka mwenzangu wa dirisha la pili akauliza kama nimeonja dawa.

Umeniuliza kuhusu miezi ya mwisho. Alizungumzia wanafunzi wake. Alizungumzia Mama. Siku nyingine aliniita kwa jina lako, nikamwitikia. Kiwanda hakukitaja, au alikitaja nami sikuwa chumbani.

Lakini nikuambie ukweli, jibu lako limeniuma. Unajua jinsi watu wanavyompenda kwa ajili ya kitabu kile? Wiki iliyopita alikuja binti mmoja dirishani, amebeba mtoto mgongoni. Aliposoma jina langu akaniambia alisoma habari ya zamu ya maziwa mwaka wake wa kwanza chuoni, akalia, na ndipo alipoamua kusomea mambo ya jamii. "Baba yako ndiye alituonyesha kwamba wanyonge wana akili," akasema. Maneno hayo matatu, zamu ya maziwa, siku hizi yanafundishwa nchi ambazo wewe na mimi hatutafika. Watayachonga kwenye jiwe, mlangoni mwa ukumbi.

Mama alipokufa nilikuwa na miaka tisa. Baba alijifunza kunisuka. Alikuwa anaweka kitabu magotini, kichwa changu mbele yake, anasoma mstari mmoja na kusuka mstari mmoja, na nilikwenda shule mistari imepinda. Huyo ndiye ninayetaka akumbukwe. Wewe ni dada yake wa pekee. Kama si goti, niambie ni nini.

Kidonge

*

2 Mei

Kidonge mwanangu,

Marahaba. Wazima? Mimi mzima. Sare nimezimaliza na mwalimu mkuu amerudisha sita, anasema ni fupi. Watoto ndio warefu, lakini nani amwambie.

Barua yako nimekaa nayo mwezi mzima. Nimeisoma hadi mikunjo imechanika. Naona umelelewa na kitabu, bila kuambiwa habari zake. Basi nikwambie.

Mstari wa tatu, zamu ya asubuhi, tulikuwa wanawake wanane. Saa kumi na mbili kamili unagonga kadi mlangoni, saa nane unagonga tena unatoka. Katikati hapo, hata titi likuvujie hadi kiunoni, hutoki. Waliokuwa na wachanga walikamua chooni wakamwaga. Aliyekomesha jambo hilo ni mwanamke tuliyemwita Saa Mbovu, maana hakuwa anakubali kuambiwa saa na mtu. Yeye ndiye aliyepanga. Kila siku mmoja anapita mlango wa takataka za pamba, anakimbia nyumbani, ananyonyesha, anarudi. Mashine yake tunaigawana saba. Akichelewa hadi mwisho wa zamu, mwenzake anamgongea kadi. Mambo yalikwenda hivyo miaka miwili, na msimamizi alikuwa anasifu mstari wetu kwa bidii. Jina la zamu ya maziwa alilitoa Saa Mbovu. Darasa la nne hakulimaliza.

Baba yako alikuja na daftari jipya na viatu ambavyo havijawahi kuona tope. Hakuna mwanamke aliyekubali kusema naye. "Kaka yako anataka nini na maziwa yetu?" Mimi ndiye niliyezunguka. Miezi kumi na minne, nikitoka kazini, nyumba kwa nyumba, nauliza na kuandika kwa mkono wangu, na yeye anakaa kwangu anapiga chapa. Walinieleza kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Mimi sikuwa na mtoto, mimi nilikuwa nagonga kadi tu.

Kitabu kikatoka. Majina alibadilisha, kweli. Lakini aliandika "mstari wa tatu, zamu ya asubuhi", na mstari wa tatu ulikuwa mmoja. Ni kama kumfunika mtu uso ukamwacha na viatu vyake. Haukupita muda, tarehe ishirini na nane mwezi wa kumi, Meneja akateremka na karatasi, mashine zikazimwa, akasoma majina saba. Akasema ni wizi wa saa za kampuni. Mlango wa takataka ukapigiliwa mabati siku hiyo hiyo. Saa Mbovu alikuwa na mtoto wa miezi mitano. Alikwenda mji mwingine kufua mashuka ya nyumba ya wageni, mtoto akabaki kwa bibi. Akakua akimwita bibi "mama", na mama yake akimwita kwa jina.

Mimi nilisimama pale nikingoja jina la nane. Halikusomwa. Saa Mbovu alinitazama huku anavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mashine yangu. Kesho yake mtaa mzima ulishanipa jina, Sikio la Meneja. Nilifanya kazi mstari ule miaka kumi na moja zaidi, na hakuna mwanamke aliyenisogezea hata kikombe cha maji.

Kwa nini niliachwa, mpaka leo sijui. Nilimwandikia kaka yangu nikamuuliza. Akajibu kwamba viwanda vina mambo yake, nishukuru Mungu.

Basi ndiyo hiyo. Goti langu usilisingizie tena.

Shangazi yako

*

21 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Sijui niandike nini. Nimeisoma barua yako kwenye stoo ya dawa, nimekaa juu ya boksi la dripu, na watu wanagonga dirisha.

Niliisoma *Nyuma ya Kiwanda* mara nne. Mwishoni mwa sura ile anasema wanawake "waliendelea na ujanja wao". Nilikuwa na miaka kumi na tano nilipoisoma mara ya kwanza, na nilifurahi kwamba waliendelea.

Karatasi zote za Baba ziko kwangu, masanduku kumi na moja, Kaka hakutaka kuyaona. Nitatafuta. Huenda kuna barua yako. Huenda aliwahi kuwatetea kwa Meneja nasi hatujui. Baba hakuwa mtu wa kunyamaza, Shangazi. Alikuwa anagombana hata na redio.

Nipe muda.

Kidonge

*

19 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, shikamoo tena. Hali ya hewa huku imegeuka, mvua asubuhi na jua mchana, wagonjwa wa mafua wamejaa mpaka ngazini. Tumeletewa mashine mpya ya kuhesabu vidonge, inahesabu haraka lakini inakosea, kwa hiyo tunahesabu tena kwa mkono. Kaka amenunua koti jipya kwa ajili ya sherehe. Bomba la jikoni kwangu limepasuka, fundi amekuja mara tatu na kila akija linavuja mahali pengine. Jirani wa juu amepata mapacha. Nimepunguza sukari.

Masanduku nimeyapekua yote. Hamna la maana.

Jitunze sana. Nakutumia dawa za goti za miezi miwili, za kinyozi nimefunga peke yake.

Kidonge

*

1 Julai

Kidonge,

Marahaba. Dawa zimefika. Kinyozi anashukuru.

Barua yako imejaa mvua na mabomba. Ulipokuwa mdogo, ukivunja kikombe ulikuwa unaingia jikoni unaimba. Hukujua kudanganya kwa kunyamaza, ulikuwa unadanganya kwa kelele. Masanduku kumi na moja ya mtu aliyekuwa anahifadhi hata risiti za kiberiti, halafu "hamna la maana"?

Mimi nina miaka sitini na tisa. Nimebakiwa na sikio moja na goti moja. Ukiona umenihurumia, ujue umekosea mtu wa kumhurumia.

Shangazi yako

*

15 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe.

Kwenye sanduku la saba kuna faili ameiandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu, "Kitabu Kilivyopokelewa". Ndani ni sifa tupu, za magazeti, za walimu wake, za waziri mmoja. Katikati ya sifa hizo kuna barua ya kiwanda, imepigwa chapa, na sahihi ya Meneja. Nakunakilia yote, maana ni fupi.

"Ndugu Mtafiti. Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu na kuwapa wasimamizi wetu mazungumzo ya saa mbili juu ya yale uliyoyaona mstari wa tatu. Mchoro wako wa ubaoni umetusaidia sana kuelewa utaratibu wote, pamoja na mlango unaotumika. Hatua zitachukuliwa kabla ya mwisho wa mwezi. Kama ulivyoomba, dada yako hataguswa."

Imeandikwa tarehe kumi na sita ya mwezi ule ule wa kumi. Ni siku kumi na mbili kabla ya siku uliyonieleza.

Nimejaribu kumtetea, Shangazi. Wiki tatu nimefanya kazi hiyo tu. Nimejiambia alikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa, amealikwa na wakubwa, akadhani anawafundisha ubinadamu. Kwamba alichora ubaoni kwa sababu aliipenda akili yenu na alitaka waione. Naweza kuamini hayo yote mpaka ninapofika kwenye maneno matano ya mwisho. Mtu haombi dada yake asiguswe kama hajui kwamba watu wataguswa.

Alijua. Kisha akaitia barua kwenye faili ya sifa.

Nimemwonyesha Kaka. Aliisoma amesimama. Akasema, "Marehemu hawezi kujibu. Humshtaki mtu asiyeweza kujibu." Nikamuuliza, "Na wale saba walijibu wapi?" Akaniambia nisilete uwakili wa dirishani mbele ya wakili. Hatujaongea tangu hapo.

Wamenipa dakika tatu siku ya ukumbi, niseme kwa niaba ya familia. Nifanye nini nazo?

Kidonge

*

5 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilifika siku ambayo mwalimu mkuu alikuja kuchukua sketi zake sita. Niliisoma amesimama pale. Akauliza, "Bibi, kuna msiba?" Nikamwambia la, ni bomba limepasuka kwa mtoto wa kaka yangu.

Kwa hiyo yeye ndiye aliyenipa lile jina la Sikio. Mkono wake. Alitaka kuniokoa, akanivika ngozi ya msaliti nikatembea nayo miaka thelathini na moja, na aliponijibu nishukuru Mungu alikuwa na maana nimshukuru yeye.

Nimekaa nalo hilo siku nne. Siku ya tano nimeona kwamba nikinyamaza sasa nitakuwa na faili yangu ya kalamu nyekundu. Kwa hiyo soma.

Sura ile niliisoma kabla haijachapwa. Alikuja nayo kwangu, karatasi bado zina joto la mashine ya chapa, akanisomea mezani huku nakata vitunguu. Maneno ya Saa Mbovu yalikuwa yanatoka kinywani mwake mazuri, yamenyooka, kama nguo iliyopigwa pasi. Nilicheka. Niliona fahari. Alipofika pale pa kadi na mlango wa takataka, nilisimamisha kisu. Niliona, mwanangu. Mtu asikudanganye kwamba sikuona. Mimi nilikuwa naijua sura ya Meneja, yeye hakuwa anaijua. Nikafungua mdomo niseme, "Hili litoe." Kilichotoka ni, "Na jina langu litakaa wapi?"

Akasema, "Ukurasa wa kwanza kabisa."

Nikaufunga mdomo, nikaendelea na vitunguu.

Kitabu kilipokuja nilinawa mikono kabla ya kukifungua. Ukurasa wa kwanza uliandikwa, "Namshukuru dada mmoja wa kiwandani aliyenionyesha njia." Dada mmoja. Kwa mstari huo nimemchukia kaka yangu maisha yangu yote, na wale saba nimekuwa nawatumia kuipamba chuki yangu ionekane ya haki. Hata barua niliyokuandikia mwezi wa tano, iangalie tena. Kila mtu yumo isipokuwa vitunguu.

Barua ya Meneja ni yako, umeirithi. Isome, ichome, itie kwenye fremu. Lakini ukisimama mbele ya watu, usiseme unasimama kwa ajili yangu.

Shangazi yako

*

26 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Yamekwisha, na nimeanza kuamini kwamba hayakutokea.

Ukumbi ni mzuri. Viti vya rangi ya damu ya mzee, vinarudi nyuma vyenyewe ukiinuka. Mlangoni kuna jiwe jeusi lenye jina la Baba, na chini yake, "Zamu ya Maziwa", kama maneno aliyoyatunga yeye. Walisema watu wanne kabla yangu. Mmoja alilia kweli, alikuwa mwanafunzi wake, na Baba aliwahi kumpa koti lake siku ya baridi. Hilo najua ni kweli, nilikuwepo, na nusura linizuie kupanda jukwaani.

Nilipanda. Nilisimulia mistari ya nywele zangu iliyopinda, watu wakacheka kwa upendo. Kisha nikasema, "Na huyu huyu aliandikiwa barua hii," nikaisoma. Yote, na tarehe yake. Nikasema wanawake walikuwa saba na hakuna hata mmoja aliyealikwa hapa leo. Nikasema maneno yaliyo mlangoni ni ya mwanamke aliyefukuzwa kwa sababu yake. Wewe sikukutaja.

Halafu Mkuu wa Idara akaanza kupiga makofi. Polepole. Wa mbele wakadhani nimemaliza jambo zuri, wakapiga, na wa nyuma ambao spika hazikuwafikia vizuri wakainuka kabisa. Nimepigiwa makofi na watu mia tatu, Shangazi. Nilishuka huku wananipigia.

Ningependa mtu anifokee. Kaka alinipita kama mlango. Lakini wengine! Kwenye chai wamenizunguka. "Ni jambo zito." "Linaonyesha utata wa kazi ya mtafiti." Mhadhiri mmoja kijana alinishika kiwiko akaniomba nakala ya barua, anataka kuandika makala. Akaniambia, huku anatabasamu kwa moyo mweupe kabisa, "Jina lako nitaliweka kwenye shukrani."

Nilimkatalia. Sijui kama nilifanya vema. Barua imerudi sandukuni, jiwe liko mlangoni, wanafunzi wanaingia na kutoka. Nimevua kitambulisho kazini, nasema kimepotea. Na usiku—la, hilo niliache. Namkosa Baba. Hilo ndilo baya kuliko yote, namkosa vile vile kama mwezi wa pili.

Kidonge

*

14 Septemba

Kidonge mwanangu,

Marahaba. Mkose tu. Mimi pia namkosa, na mimi nina sababu nyingi kuliko wewe za kutomkosa. Kitambulisho kivae, wagonjwa wanataka kujua nani amewahesabia vidonge.

Nimekwenda kwa Saa Mbovu.

Nilijua alirudi zamani, anakaa kwa mjukuu wake mwisho wa basi, anauza nyanya na vitunguu mbele ya nyumba. Miaka yote hiyo nimekuwa nashuka kituo cha kabla. Juzi nilishuka cha kwake. Macho yake yamefunga utando, anatambua watu kwa hatua zao.

"Nani anayeburuta mguu hivyo?"

"Ni mimi," nikasema. "Wa mashine ya nane."

Hakushtuka. Alikuwa anapanga nyanya kwa mafungu, akaendelea kuzipapasa. "Sikio la Meneja," akasema. "Keti. Kiti hicho kibovu, egemea ukuta."

Nikakaa. Nikamwambia yote bila kuremba. Mazungumzo ya saa mbili, mchoro wa ubaoni, ombi la nisiguswe. Nilidhani nikimaliza ya kaka yangu nitapumzika kidogo, lakini nilijua nikipumzika nitainuka nikaondoka. Nikaunganisha na yangu. Karatasi, vitunguu, jina la ukurasa wa kwanza. Wateja wawili walikuja, akawauzia, akanirudia.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Kaka yako sikuwahi kumlaumu sana," akasema. "Alikuwa mgeni. Mgeni hajui mlango gani haufunguliwi. Wewe ulikuwa unaujua." Akafuta mikono. "Kwa nini umeanza na mimi?"

Nikamwambia, kwa sababu wewe ndiye uliyeumia zaidi.

Alicheka, Kidonge. Kicheko hicho sikukipenda. "Nani aliyepima? Wewe na kaka yako mnapenda kupima watu. Umeanza na mimi kwa sababu kuja kwangu ni basi moja tu."

Ilikuwa kweli.

Nilimwomba msamaha. Akasema wa kwake si wa kutolewa kabla ya kujua wengine watasema nini, maana zamu hupangwa na wote. Akanihesabia. Wanne wako hai, akiwemo yeye. Watatu wamekufa, lakini wameacha watoto. Mtoto wa yule wa mashine ya pili ni mwanaume mzima sasa, na anaamini mama yake alikuwa mwizi, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi ya kumfukuzia, na karatasi hiyo aliikuta kwenye sanduku la marehemu. "Anza na huyo," akasema. "Halafu njia yote, mmoja mmoja. Ukimaliza, uje uniambie walichosema. Nitakuwa hapa, nitakwenda wapi."

Akaanza kunitajia wanakokaa, nyumba kwa nyumba. Nikafungua mkoba nikatoa kalamu. Macho hana lakini alisikia kofia ya kalamu inavyofunguka.

"Usiandike," akasema. "Mara ya mwisho uliandika. Kariri."

Nikakariri kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilikosea, akanirudisha mwanzo. Mara tatu, mpaka mjukuu wake akatoka ndani kuuliza tunaimba nini.

Kesho asubuhi naanza na mtoto wa mashine ya pili. Ni mabasi mawili na mwendo wa mguu, na wa mwisho wao yuko mbali kuliko wote, kwa hiyo usiniandikie mpaka nikuandikie mimi. Kinyozi atanitazamia nyumba. Goti nimelifunga.

Najua utataka kujua naenda upande gani, ili nikichelewa umtume mtu. Ningekutajia, mwanangu, lakini nimeambiwa nisiandike.

Shangazi yako